Hesabu za mafumbo za GMAT: nilivyoacha kukokotoa ndipo nikaanza kupata

Mshona_Hesabu (mleta uzi)

Wakuu, heri ya jioni. Kila baada ya siku chache naona mtu anaulizia GMAT humu, ule mtihani wa kuombea nafasi ya shahada za uzamili za biashara kama MBA, na kilio cha wengi ni kimoja: yale maswali ya DS (Data Sufficiency), yaani ya kupima kama taarifa ulizopewa zinatosha. Nami yalinitesa. Mimi nimesoma PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu), hesabu sikuwahi kuziogopa, lakini jaribio langu la kwanza la nyumbani nilikosa DS 5 kati ya 7. Hesabu za kawaida nilipata karibu zote. Nikakaa kitandani na karatasi zangu, nikajua kabisa kwamba kinachonifelisha si hesabu.

Kwa wasioufahamu mtihani huu: toleo la sasa lilianza Novemba 2023. Lina sehemu tatu, kila moja dakika 45. DS zimetolewa kwenye sehemu ya hesabu zikapelekwa sehemu inayoitwa Data Insights, ambayo ina maswali 20, zimechanganywa na majedwali na grafu. Ukigawa, kila swali lina dakika mbili na sekunde 15. Swali la DS lina shina, yaani maelezo na swali lenyewe, halafu chini yake kauli mbili. Huulizwi jibu ni ngapi. Unaulizwa ni kauli ipi inatosha kulipata. Machaguo hayabadiliki kamwe:

A. Kauli ya 1 peke yake inatosha, ya 2 peke yake haitoshi.
B. Kauli ya 2 peke yake inatosha, ya 1 peke yake haitoshi.
C. Zikiunganishwa zinatosha, lakini hakuna inayotosha peke yake.
D. Kila moja peke yake inatosha.
E. Hata zikiunganishwa hazitoshi.

Mimi nimeyakariri hivi: Kwanza, Pili, Pamoja, Popote, Patupu. Siku hizi hata siyasomi.

Sasa shida yetu. Tangu darasa la tatu tumefundishwa kuonyesha njia, kupata jibu, na kulipigia mistari miwili chini. DS haitaki jibu lako. Ukishajua kwamba jibu lipo na ni moja tu, weka kalamu chini. Mimi nilikuwa nakokotoa hadi mwisho, natumia dakika nne, halafu nafika kwenye machaguo nimechoka na kuchagua hovyo.

Nimetunga mfano:

*Neema alinunua daftari za sh 1,100 kila moja na kalamu za sh 700 kila moja. Alinunua daftari ngapi?*
*(1) Daftari na kalamu zote kwa pamoja zilikuwa 8.*
*(2) Alilipa jumla ya sh 6,800.*

Wengi tunawaza hivi: visivyojulikana ni viwili, kwa hiyo inahitajika milinganyo miwili. Kauli ya 1 imeleta mmoja, ya 2 imeleta wa pili. C. Sekunde 20 umemaliza, na umekosa.

Ifunike kauli ya 1 kwa kiganja. Baki na ya 2 peke yake. Gawanya kila kitu kwa 100: 11d + 7k = 68. Sasa kumbuka kwamba daftari haikatwi nusu dukani. Jaribu d moja moja. Daftari 0, inabaki 68, haigawanyiki kwa 7. Daftari 1, inabaki 57, hapana. Mbili, 46, hapana. Tatu, inabaki 35, kalamu 5, sawa. Nne inabaki 24, tano 13, sita 2, zote hapana. Saba umeshapitiliza. Kwa hiyo njia ni moja tu, na kauli ya 2 inatosha yenyewe. Jibu ni B. Kauli ya 1 ni chambo tu, na sisi samaki.

Badilisha bei sasa. Daftari sh 1,000, kalamu sh 500, amelipa sh 5,000. Daftari 1 na kalamu 8 inawezekana. Daftari 2 na kalamu 6 inawezekana. Daftari 3 na kalamu 4 pia. Hapo kauli ya 2 imeshindwa, unaihitaji ya 1, na C inakuwa sahihi kweli. Hadithi ni ile ile, namba tu zimebadilika na jibu nalo limehama. Ndiyo maana nasema hakuna kanuni ya kukariri hapa. Ukiona bei ambazo hazina kigawo cha shirika, kama 11 na 7, halafu jumla yenyewe ndogo, shtuka na ujaribu.

Karibuni mchangie, na mnikosoe pale nilipopotoka.

Nyundo_Kichwani

Nimekaa pale kwa juu nasoma.

Dada_wa_Likoni

Ahsante ndugu, hapo kwa kiganja umenimaliza. Mimi huku Mombasa nimekuwa nikisoma kauli ya 2 huku ya 1 bado iko kichwani, najipata nimezichanganya bila kujua. Lakini nina swali. Tuseme si daftari na kalamu. Tuseme ni mbolea na chokaa, zapimwa kwa kilo, bei ni zile zile 1,100 na 700. Itabaki B?

Mshona_Hesabu

Dada yangu, swali zuri sana. Hapana, inageuka C. Kilo mbili na robo inauzwa, kalamu mbili na robo haiuzwi. Ukiruhusu sehemu ya kilo, 11d + 7k = 68 ina majibu yasiyo na idadi. Kwa hiyo kabla hata hujagusa kauli, jiulize kinachohesabiwa ni nini. Watu, viti, tiketi, mayai: namba nzima. Uzito, muda, umbali: chochote. Mtunga swali hakuandikii hilo, anategemea una akili ya sokoni.

Mzee_wa_Takwimu

Mleta uzi, bila kukuvunja moyo, unawatisha vijana. Kanuni ya visivyojulikana viwili na milinganyo miwili inafanya kazi mara nyingi kuliko inavyokosea. Ukianza kujaribu d moja moja kwenye kila swali, hizo dakika mbili na sekunde 15 zitakwisha ukiwa kwenye daftari ya sita. Mimi ningemshauri mtu aitumie kanuni na aende mbele.

Mshona_Hesabu

Mzee wangu shikamoo. Nakubali kwenye suala la muda. Lakini kanuni hiyo inadanganya pande zote mbili, na watunga maswali wanalijua hilo kuliko sisi. Angalia hii:

*Bei ya chungwa moja, embe moja na nanasi moja kwa pamoja ni shilingi ngapi?*
*(1) Machungwa 3, maembe 2 na nanasi 1 ni sh 4,000.*
*(2) Chungwa 1, maembe 2 na mananasi 3 ni sh 8,000.*

Visivyojulikana vitatu, milinganyo miwili. Kanuni inasema E. Lakini jumlisha kauli mbili hizo: machungwa 4, maembe 4, mananasi 4, sh 12,000. Gawanya kwa 4, unapata sh 3,000. C. Bei ya chungwa peke yake huipati hata ukeshe: linaweza kuwa sh 300 na embe 400, linaweza kuwa 200 na embe 600, zote zinakubali. Ila hukuulizwa bei ya chungwa.

Na upande wa pili:

*Darasani kuna wanawake wangapi?*
*(1) Uwiano wa wanaume kwa wanawake ni 3:2.*
*(2) Wanaume ni asilimia 60 ya darasa.*

Viwili na viwili, kanuni inasema C. Lakini kauli hizo ni mtu mmoja aliyebadilisha shati. Kauli ya 2 haijaongeza chochote juu ya ya 1. Darasa linaweza kuwa na watu 5, au 50. E.

Mzee_wa_Takwimu

Marahaba. Hiyo ya shati nimeipenda, nimenyoosha mikono. Ila vijana wasiende wakaanza kuona mitego hata pasipo na mtego.

Mtoto_wa_Ilala

Wakuu mnisaidie, tumebishana na rafiki yangu tangu asubuhi hadi chai imepoa. Swali ni hili:

*Kikundi cha kuweka akiba kiligawana fedha sawasawa kwa wanachama wake wote. Je, kila mwanachama alipata zaidi ya sh 50,000?*
*(1) Fedha zote zilizogawanywa zilikuwa chini ya sh 900,000.*
*(2) Wanachama walikuwa zaidi ya 20.*

Mimi nasema E. Hatujui fedha zenyewe ngapi, hatujui wanachama wangapi, hatujui kitu. Mwenzangu anang'ang'ania C.

Mshona_Hesabu

Mwenzako yuko sahihi, mnunulie chai nyingine.

Tulia uangalie. Kauli ya 1 peke yake: wanachama wakiwa wawili wanaweza kupata laki nne kila mmoja, wakiwa mia wanapata kidogo. Haitoshi. Kauli ya 2 peke yake: fedha inaweza kuwa milioni kumi au laki moja. Haitoshi. Unganisha: chini ya 900,000, kwa watu zaidi ya 20. Hata ukichukua 900,000 yote ukawapa watu 20 tu, kila mmoja anapata 45,000. Wao ni wengi zaidi na fedha ni pungufu, kwa hiyo hakuna namna mtu afikishe 50,000.

Jibu la swali ni HAPANA, na ni hapana isiyo na shaka. Hapana ya uhakika inatosha sawa na ndiyo ya uhakika. Kisichotosha ni "inategemea". Hili lilinigharimu mimi maswali mengi kuliko jambo jingine lolote. Nikiona hapana, mkono unakwenda wenyewe kwenye E, kana kwamba hapana ya swali na "hazitoshi" ya chaguo ni kitu kimoja. Dawa niliyojipa: naandika ubaoni N au H, na naziangalia herufi hizo tu. Zikitoka N peke yake au H peke yake, inatosha. Zikitoka zote mbili, haitoshi.

Mtoto_wa_Ilala

Daah. Chai ni sh 500, somo hili ni la bure. Asante mkuu.

Mama_wa_Mapacha

Habari zenu wapendwa. Mimi nasoma usiku watoto wakishalala, kwa hiyo niwieni radhi nikiuliza kilichokwisha kuulizwa. Moja, nina vitabu vya miaka ya nyuma nimeachiwa na kaka yangu, bado vinafaa? Pili, swali hili nimejibu A, kitabu kinasema D, na sielewi.

*Umri wa Asha ni mara mbili ya umri wa mdogo wake. Asha ana miaka mingapi?*
*(1) Baada ya miaka 4, jumla ya umri wao itakuwa miaka 29.*
*(2) Miaka 3 iliyopita, Asha alimzidi mdogo wake kwa miaka 7.*

Ya kwanza nimeiweza: wote wataongeza minne minne, kwa hiyo sasa jumla ni 21, mdogo 7, Asha 14. Ya pili nimeona inazungumzia tofauti tu, haisemi umri.

Dada_wa_Likoni

Mama, hii naijibu mimi kwani nilianguka hapo hapo. Tofauti ya umri haizeeki. Akinizidi miaka 7 tukiwa watoto, atanizidi 7 hata tukiwa vikongwe. Basi kauli ya 2 yasema leo amzidi kwa 7. Sasa rudi juu kwa shina: Asha ni mara mbili ya mdogo wake. Mara mbili yako toa wewe ni wewe mwenyewe. Kwa hivyo mdogo ana 7, Asha 14. Kauli ya 2 yatosha peke yake, ni D. Wewe uliisahau taarifa ya kwenye shina.

Mshona_Hesabu

Amemaliza dada. Nikazie hapo tu: "peke yake" maana yake kauli hiyo bila mwenzake, ila shina unakwenda nalo popote. Mimi siku hizi natafsiri shina kuwa herufi kabla sijasoma kauli hata moja, naandika pembeni A = 2m, halafu ndipo nafungua (1).

Kuhusu vitabu: DS zenyewe hazijabadilika mfumo, kauli mbili na machaguo matano yale yale, kwa hiyo vya zamani vinafaa kwa mazoezi ya mafumbo. Ruka jometri, imeondolewa kwenye sehemu ya hesabu. Ruka ile ya kurekebisha sentensi za Kiingereza, na insha pia haipo tena. Alama nazo zimebadilika. Zamani zilikuwa 200 hadi 800, sasa ni 205 hadi 805 na zote zinaishia na 5. Kwa hiyo 700 ya kaka yako usiipime na zako.

Nyundo_Kichwani

Nimeshuka kutoka juu. Swali la haraka: si kuna kikokotoo kwenye skrini siku hizi?

Mshona_Hesabu

Kipo, kwenye Data Insights tu. Sehemu ya hesabu hakipo. Kinasaidia kwenye majedwali. Kwenye DS mimi nikijikuta nakifungua najua nimeshapotea njia.

Fundi_Redio

Mnaosema hesabu za mwendo ni ngumu, hii ilinifungua macho. *Basi lilikwenda mji wa pili na kurudi kwa barabara ile ile. Wastani wa mwendo wake kwa safari nzima ni kilomita ngapi kwa saa? (1) Umbali wa kwenda ni kilomita 180. (2) Kwenda lilikimbia 60 kwa saa, kurudi 40 kwa saa.* Nilisema C kwa sababu bila umbali utajuaje muda? Kumbe umbali unajikata wenyewe juu na chini. Weka 120: kwenda saa 2, kurudi saa 3, kilomita 240 kwa saa 5, unapata 48. Weka 180, inatoka 48 ile ile. B. Na si 50 kama mnavyodhani!

Kijana_wa_Mwanza

Wakuu heshima yenu. Nimetumiwa PDF ya maswali 200 kwenye kundi la WhatsApp. Namba 37 imenishinda siku mbili:

*Gwaride lina wanafunzi wangapi, ikiwa ni zaidi ya 30 na chini ya 60?*
*(1) Wakipangwa safu za watu 6, anabaki mtu 1.*
*(2) Wakipangwa safu za watu 3, habaki mtu.*

PDF inasema C. Mimi nikiunganisha napata patupu, lakini si patupu ya E, ni patupu ya hakuna namba kabisa!

Mzee_wa_Takwimu

Kijana, uko sahihi na PDF imekosea. Namba inayobakiza 1 ikigawanywa kwa 6 lazima ibakize 1 ikigawanywa kwa 3, kwa kuwa 6 yenyewe ni safu mbili za 3. Kauli hizo haziwezi kukaa nyumba moja. Kwenye mtihani halisi kauli mbili hazipingani kamwe. Zote ni kweli kuhusu jambo lile lile. Na hilo ni msaada wa bure: ukipata kauli ya 1 inakupa 12 na ya 2 inakupa 15, usichague kitu, rudi ukatafute ulipokosea.

Swali hilo lingekuwa zima kama kauli ya 2 ingesema wakipangwa safu za 5 wanabaki 4. Ya kwanza inatoa 31, 37, 43, 49, 55. Ya pili inatoa 34, 39, 44, 49, 54, 59. Inayoonekana kote ni 49 peke yake. Hiyo ni C halali.

Kijana_wa_Mwanza

Siku mbili zangu nani atanirudishia?

Mshona_Hesabu

Pole sana mkuu. Futa hiyo PDF kabla haijakuharibu zaidi. GMAC, wanaomiliki mtihani, wanatoa majaribio mawili bure kwenye tovuti yao. Anza na hayo, maswali yake yametungwa kwa uangalifu.

Mzee amenikumbusha jambo la mwisho, la mpangilio. Kauli ya 1 ikitosha, umebakiwa na A au D tu, basi swali lako la pili ni kama ya 2 nayo inatosha. Kauli ya 1 isipotosha, A na D zimekufa, umebaki na B, C, E. Mimi nachora AD upande mmoja na BCE upande wa pili, nakata. Hata ukikwama kwenye kauli ya 2 na muda umekwisha, unabahatisha kwenye mawili au matatu, si matano. Na ukiona kauli ya 2 ni rahisi zaidi, anza nayo, hakuna anayekulazimisha foleni. Hapo inakuwa BD upande mmoja, ACE upande wa pili.

Mama_wa_Mapacha

Naomba la kujipima kabla sijalala.

Mshona_Hesabu

Haya mama. *Muuza mayai alikuwa na mayai zaidi ya 1. Alikuwa na mangapi? (1) Idadi ya mayai hugawanyika kwa 7 bila baki. (2) Idadi ya mayai ni namba tasa.*

Nyundo_Kichwani

E. Vigawe vya 7 ni vingi, namba tasa ni nyingi.

Dada_wa_Likoni

C. Namba tasa yagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Ikigawanyika kwa 7, basi ni 7.

Mama_wa_Mapacha

Nilikuwa naandika C, umeniwahi dada. Mtoto mmoja ameamka, ngoja niende. Mtihani wangu ni Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, nikitoka nitarudi kwenye uzi huu niwaambie.

Nyundo_Kichwani

Narudi juu.